Kibodi ni Nzima

Jumapili, 1 Machi 2026

Mzee ameniambia niandike. Maneno yake mwenyewe, kama yalivyokaa kwenye kioo cha kompyuta: "rebeka unaongea peke yako siku nzima andika upumzike". Hakuweka hata nukta, yeye aliyepiga chapa hukumu za mahakama mpaka akastaafu, na kurudisha karatasi za mahakimu kwa sababu ya mkato uliokaa vibaya. Siku hizi kila kitufe kinamtoa jasho. Nukta imekuwa anasa.

Basi naandika, kwenye daftari langu la vipimo. Kurasa za mbele kuna kiuno cha Mama Suzana na mabega ya kwaya nzima. Huku nyuma nitakuwa mimi.

Atakayeliokota daftari hili ajue kwamba mimi ni fundi cherehani, darasa la saba, Msukuma wa Misungwi. Tunakaa Ilemela, Mwanza, huku juu ambako mawe ni mengi kuliko watu na ziwa linaonekana bure. Mzee ni Kashaija, Mhaya wa Kamachumu. Hatukufunga ndoa kanisani. Tulianza kukaa pamoja, tukasahau kuacha.

Mwaka juzi ulimi wake ulianza kuwa mzito. Watu wakasema analewa, na yeye hata mbege hajui ladha yake. Daktari akasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, unazima msuli mmoja baada ya mwingine. Ulianza na ulimi, ukaja miguu, sasa uko kwenye vidole. Akili hauigusi, na hapo ndipo ulipo ubaya wake.

Simu ilimshinda, maana kidole kikitetemeka kile kioo kinaandika mambo yake. Ndipo mpwa wake Muganyizi alipotuma hii kibodi kutoka Dar. Si zile bapa za dukani. Hii ni nene, nzito kama tofali, na kila kitufe kina swichi yake na springi yake chini. Ukibonyeza, kidole kinasikia kwamba kimeingia, kisha kitufe kinarudi chenyewe. Vijana wanazitumia kuchezea gemu za kuuana. Mzee alipoigusa mara ya kwanza alitabasamu kwa upande mmoja, akaandika: "mashine yangu". Alikuwa amekumbuka taipureta yake.

Kabla ya kibodi nilikuwa natafsiri macho yake. Kwa bahati, macho yake yalikubaliana na mimi karibu kila jambo.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Kibodi nzima. Mzee kaandika neno moja tu leo: "chumvi". Nilionja. Ilikuwa kweli.

Jumamosi, 7 Machi

Tangu juzi herufi A ilikuwa inakwama, inazama hairudi. Mtu wa cherehani akiona chuma kinakwama anajua dawa yake. Nilikwisha kushika kichupa cha mafuta, mdomo wa kichupa uko juu ya kitufe, nikasita. Nikaifunga kibodi kwenye kanga, nikateremka nayo mjini, Makoroboi, kwa Masele, anayetengeneza kompyuta kwenye kibanda ambacho yeye mwenyewe anaingia kwa ubavu.

"Mwangaluka, mayu," akaniamkia kwa Kisukuma, kama mama yake. "Umeiangusha?"

"Sijaiangusha. Nilitaka kuitia mafuta."

Akaweka chini bisibisi. "Mafuta gani?"

"Ya cherehani."

"Ulitaka, au umeshatia?"

"Nilitaka."

"Basi kuna mtu anakuombea. Mafuta yakiingia humu yanakaa na vumbi, yanakuwa gundi. Hii haishoni, mayu."

Akaing'oa kofia ya ile A kwa kidude cha waya, si kwa kisu kama nilivyokuwa nafanya mimi. Chini yake kulikuwa na punje ya mchele na unywele wangu mmoja, mweupe. Akavitoa kwa brashi kavu. A ikarudi.

Nimepewa sheria. Kabla ya kuigusa, chomoa waya. Radi zikianza, chomoa waya. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina mate. Usianike juani. Spiriti kidogo kwenye pamba, kamwe si maji.

"Na uji ukimwagika?"

"Uji ni msiba."

Nilimweleza kuhusu vidole vya Mzee, kwamba kila wiki vinasukuma kwa shida zaidi ya wiki iliyopita. Hakunipa pole. Alipekua boksi akatoa pakiti ya swichi nyingine. "Hizi ni laini. Mtoto mchanga akigusa zinaingia. Zitoe zile ngumu, uchomeke hizi."

"Na hizi zikiwa ngumu kwake?"

"Zaidi ya hizo hakuna, mayu. Hapo ndipo wenye kiwanda walipoishia."

Nimeziweka kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini.

Jumatano, 11 Machi

Mvua ya mawe. Nilichomoa waya kabla ya radi ya kwanza. Kibodi nzima.

Alhamisi, 19 Machi

Wadudu wa ziwa wamekuja. Asubuhi walisimama juu ya maji kama moshi wa nyumba zinazoungua, jioni upepo ukawaleta kwetu. Wamejaa ukutani, kwenye sufuria, ndani ya masikio. Hawaumi. Wanakuja kufa tu, na wanapenda kufa penye mwanga.

Sasa hii kibodi, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya vijana, inawaka rangi zote za kitenge. Nilipogeuka kutoka kufunga dirisha nikakuta imefunikwa, inatembea. Mzee mkono wake uko juu yake, hawezi kuuondoa, anawatazama wakitambaa kati ya vidole. Ukimwona usoni huwezi kujua kama anacheka.

Nilichomoa, nikafunika, nikamsafisha mikono. Kila kofia niliyong'oa ilikuwa na mabawa chini yake. Rangi nimezizima kabisa, na taa nimeitoa nje ili wadudu wakafie mlangoni kama wageni wenye adabu.

Nilipomrudishia akaandika: "bora wao". Nikajifanya sijasoma.

Jumanne, 24 Machi

Leo alianza sentensi kabla ya chai, akaimaliza baada ya chakula cha mchana. Ilikuwa inauliza chai iko wapi.

Nilifungua droo nikazitazama zile swichi laini. Nikafunga droo. Nikiziweka leo, kesho nitaweka nini?

Jioni alipiga simu Prudencia, dada yake mkubwa. Anakuja wiki ijayo. Baba mdogo wao, Bagenda, naye atakuja baada ya Pasaka na wazee wawili wa ukoo kuzungumza habari ya mgonjwa kurudishwa nyumbani.

"Nyumbani wapi?" nikauliza.

"Kuna nyumbani kungapi, mama?" akasema Prudencia.

Huyu tangu zamani haniiti wifi. Ananiita mama, kama konda anavyowaita abiria.

Jumapili, 29 Machi. Matawi.

Prudencia amefika na mkungu wa ndizi, kopo la senene waliokaangwa, rozari tatu na godoro lake mwenyewe. La kwetu hakulisema vibaya. Alilitazama tu.

Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia huku anapita.

Alipiga magoti mbele ya kiti cha kaka yake akaongea Kihaya muda mrefu. Mimi najua Kihaya cha kununua ndizi. Mzee aliandika, pole pole, na Prudencia hakuangalia kioo, alikuwa anamwangalia usoni na kujibu maswali ambayo hakuulizwa. Nilitaka kumwambia, dada, anaongea huku. Sikumwambia. Niliona raha kidogo. Mungu anisamehe, raha ilikuwa ya saizi ya kutosha.

Jumanne, 31 Machi

Nimekuta mguu wa senene chini ya herufi K. Prudencia anamlisha kaka yake juu ya kibodi.

"Wifi," nikamwambia, "hapa hatuli. Huu ndiyo mdomo wake wa kusemea."

"Mgonjwa akitamani senene, nimpeleke wapi kwanza? Hotelini?"

"Nitamlisha mimi, pembeni."

"Umemlisha vya kutosha, mama. Na tunamwona alivyo sasa."

Baadaye nikamkuta anaifuta kibodi kwa tambara la kudekia, limelowa. Nilimnyang'anya. Neno nililotumia si la Kwaresima. Mzee akaandika: "msipigane juu yangu nitaanguka". Tulicheka wote wawili mimi na Prudencia, kila mtu upande wake wa chumba.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Mvua. Kibodi nzima. Prudencia amefunga. Mimi nimekula kwa kujificha, jikoni kwangu mwenyewe.

Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili

Prudencia alikwenda misa. Tukabaki wawili, mvua imekatika, ziwa limetulia kama limepigwa pasi. Nilikuwa nashona vifungo vya kwaya. Nikasikia vitufe: kimoja, kimya kirefu, kimoja. Sikuinua kichwa. Nimejifunza kutomchungulia mtu akiwa anatafuta neno.

Alipomaliza aligonga meza kwa kifundo. Nikaenda kusoma.

"nataka kwenda nyumbani"

"Nyumbani ndiyo hapa," nikasema.

Akaanza tena. Nilisimama nyuma ya kiti nikishika mgongo wa kiti. Herufi zilikuja kama mtu anayepanda mlima na mzigo.

"kamachumu"

Nilidhani ni Prudencia aliyemshindilia hilo wiki nzima kwa Kihaya. Nikamuuliza. Akafumba macho na kufumbua mara mbili, ambayo kwetu ni hapana.

"Basi nitapanga vitu. Cherehani nitamwachia Mama Suzana."

Hapo alichukua muda mrefu kuliko wote. Jasho lilimshuka sikioni. Nilimfuta. Nikaona neno linajijenga na nikalijua kabla halijaisha, na bado nikangoja liishe.

"wewe baki"

Vifungo vilikuwa mkononi mwangu, nikavihesabu kama mjinga. Yeye akaendelea, maana alijua kwamba nisipouliza ndiyo nimeuliza.

"nikifia mikononi mwako kule watakuuliza maswali na mimi sitakuwepo kujibu"

Ni kweli. Mwanamke wa Kisukuma, asiye na pete, asiye na mtoto, amekuja na mwanaume aliyekauka. Hata mimi ningekuwa jirani yao ningeuliza.

Lakini nimekuwa nikimgeuza kitandani, nikimfuta mate, nikitoa wadudu kwenye vitufe kimoja kimoja, ili aweze kusema. Kila siku nilijua atakachosema. Kumbe nilikuwa namtengenezea mdomo wa kuniachia.

Akaandika la mwisho: "jumamosi mbele ya bagenda nitasema mwenyewe".

Jumatano, 8 Aprili

Nilikwenda Buhongwa kupeleka nguo za kwaya. Mvua ikanifungia kule mpaka mchana umeisha. Ningesema moyo ulinienda mbio njiani, lakini si kweli. Nilikuwa nafikiria mahindi ya kuchoma.

Nilipoingia, harufu ya mishumaa. Prudencia na akina mama watatu wa jumuiya wamemzunguka Mzee, wanaimba vizuri kabisa. Paji lake linang'aa, koo linang'aa, mikono inang'aa mafuta. Na kibodi inang'aa.

Si nilikuwa nimezizima rangi zile? Nilizizima mimi mwenyewe. Lakini zilikuwa zinawaka, nyekundu, kijani, zinazima, zinawaka, na kwenye kioo mstari mzima wa herufi moja ulikuwa unakimbia bila mtu kugusa. Mmoja wa akina mama alikuwa analia kwa furaha, anasema, "Anasema, anasema."

Nilichomoa waya. Nikaigeuza. Maji yalitoka, na nyuma ya maji mafuta, taratibu.

"Umefanya nini?"

"Nimempaka mafuta ya baraka," akasema Prudencia. "Nimeanza na maji, kama padre. Nimepaka paji, koo, mikono. Na mdomo. Si umesema mwenyewe mdomo wake ndiyo huu? Ningeuruka mdomo?"

Nilifungua kinywa nimtukane, na nikakosa pa kushika. Nilikiona tena akilini kile kichupa changu cha cherehani kikiwa juu ya herufi A. Mimi nilisita kwa bahati, na yeye hakusita kwa sababu ya upendo. Tofauti yetu ni hiyo, na kibodi haiijui.

Akina mama waliondoka bila kumaliza wimbo.

Nilimpigia Masele. "Usiiwashe," akasema. "Hata kwa kujaribu. Iache imelala kifudifudi kwenye upepo mpaka keshokutwa. Ukiiwasha leo umeizika. Na zile swichi zilizokunywa mafuta hazifai tena, zitoe zote."

"Zote zimekufa?" Prudencia aliuliza. Alikuwa amekaa sakafuni. "Jumamosi baba Bagenda anakuja. Kaka atasemaje?"

Nilimjibu kwamba sijui. Zile swichi laini zilikuwa kwenye droo, hatua chache kutoka alipokaa.

Alhamisi, 9 Aprili

Nyumba kimya. Hata mvua imekataa kunyesha.

Kibodi imelala kifudifudi kwenye kamba za kiti kibarazani, kama samaki wa kukaushwa. Nimeifukuzia nzi.

Saa ya chai Prudencia alimuuliza kaka yake kama anataka sukari zaidi. Akamtazama, akanigeukia mimi. "Anasema nini?"

Nilimwangalia Mzee machoni. "Anasema inatosha," nikasema. Sikuwa nimeona kitu chochote. Ilikuwa rahisi kama kuvaa kiatu cha zamani.

Mchana Bagenda alipiga simu kwangu. "Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba. Mgonjwa anasemaje kuhusu safari?"

Niliangalia macho ya Mzee tena. Yalikuwa wazi, yananitazama, yanajua. "Anasema mje, mnakaribishwa sana," nikamwambia baba Bagenda. "Ila safari anaona hataiweza. Anaona bora abaki alipo."

Mzee akafumba macho. Hakuyafumbua mara mbili wala mara moja. Aliyafumba akayaacha hivyo, kama duka.

Prudencia aliamini. Alifuta machozi akasema, "Basi kama amesema mwenyewe." Na hakuna ambaye angenilaumu. Si mimi niliyemwaga maji. Ningekaa tu, mikono mapajani, na kila kitu kingekuwa kama nilivyokitaka. Ndivyo nilivyowaza wakati nakata mchicha, na nilikuwa naimba.

Ijumaa, 10 Aprili

Asubuhi nilimkalisha Mzee mezani kwa mazoea. Meza tupu. Nikaenda kuchota maji, niliporudi nikasimama mlangoni.

Alikuwa anaandika. Mkono wa kushoto uko pale pale unapokaaga, na kidole kinabonyeza mbao. Kinakwenda, kinatafuta mahali, kinabonyeza. Kinapumzika. Kinakwenda tena. Lilikuwa neno refu. Nilisimama mpaka ndoo ikanichosha na sikuweza kusoma hata herufi moja. Mimi, mkalimani mkuu wa macho.

Niliweka ndoo chini. Nikaenda kwenye droo, nikatoa bobini zote.

"Hicho nini?" akauliza Prudencia.

"Swichi mpya."

Aliitazama ile pakiti, akanitazama mimi. Ni mwanamke aliyewahi kuwa mwalimu mkuu. Hakuhitaji kuelezwa pakiti ilikuwa wapi tangu Jumatano, wala kwa nini. Nilingoja aseme.

"Nikusaidie kushika nini, wifi?" akasema.

Tulifanya kazi kibarazani kwenye mwanga mzuri. Mimi nang'oa swichi, yeye anaosha kofia kwenye maji ya sabuni na kuzipanga kwenye sinia zikauke, kila herufi mahali pake. Nilifuta ubao kwa spiriti na mswaki mpaka mafuta yakakubali. Kisha nikachomeka zile laini, moja moja, nikiangalia miguu yake isipinde, maana ni myembamba kama ya mbu. Masele alisema kweli. Zilikuwa zinaingia kwa kuangaliwa tu.

Tulichomeka waya. Nikabonyeza. Ikaandika.

Prudencia alipiga ishara ya msalaba, akanyoosha mkono kwenye ile chupa yake ya mafuta, akaurudisha mwenyewe.

Jumamosi, 11 Aprili

Walikuja watatu, wamevaa makoti kwenye joto lote hili. Bagenda ni mzee mwembamba, mpole, anayeongea kama anaogopa kumwamsha mtu. Miwani aliisahau kwenye gari, na hao wenzake wote wawili macho yao yalikuwa ya kuonea migomba. Kwa hiyo msomaji ni mimi. Shetani ni mtu wa mipango.

"Mama," Bagenda akasema, "juzi uliniambia kwenye simu kwamba mgonjwa anaona bora abaki."

"Nilisema hivyo, baba."

"Bado ni hivyo?"

"Tumwache aseme."

Mzee aliandika. Nilikuwa sijamwona akiandika hivyo tangu mwaka jana. Vidole vilipita juu ya swichi laini kama vinakumbuka ofisi, na hata nukta aliweka. Prudencia alikaa upande wa pili na hakutazama uso wa kaka yake, alitazama kioo.

Nilisoma kwa sauti, kama yalivyo:

"Baba. Nipelekeni Kamachumu. Nataka kulala kwenye migomba, karibu na mama. Rebeka abaki Mwanza. Ana kazi za watu. Amenitunza vizuri na asilaumiwe kwa lolote, na hili nalisema mwenyewe nikiwa na akili zangu."

Nadhani Bagenda alitegemea mengine kutoka kwangu, maana alimgeukia Prudencia. "Ndivyo palivyoandikwa?"

"Ndivyo, baba. Hajaongeza neno."

"Wala hajapunguza?"

"Wala hajapunguza."

Wakashukuru. Wakala ndizi. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba kwenye mawe nikakaa mpaka niliposikia wananitafuta kwa ajili ya kuaga.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimemfundisha Prudencia siku nzima. Kuchomoa kwanza. Brashi kavu. Taulo shingoni kwa Mzee ili mate yasishuke. Kuifunika kila akimaliza, kwa kanga, si kwa nailoni, nailoni inatoa jasho. Nimempa kidude cha waya cha kung'olea kofia na kichupa cha spiriti. Anajifunza kama mwalimu, yaani anauliza jambo ambalo tayari ameshaamua jibu lake.

"Na mkono wake?" akasema. "Unaukalishaje?"

Nikamwonyesha. Kiganja chako chini ya kifundo chake, usisukume, ubebe uzito tu. Yeye ndiye atakayekwenda.

Jumanne, 14 Aprili

Wameondoka. Nilipanda gari nao mpaka Busisi, ng'ambo ya daraja, nikashuka hapo kurudi. Kibodi ilikuwa mapajani kwa Prudencia, imefungwa kwa kanga yangu ya kijani. Mzee alilazwa nyuma. Daraja ni refu, na alikuwa anatazama maji dirishani muda wote. Zamani tulivuka hapo kwa pantoni, tukinunua karanga.

Hakuwa na kibodi mbele yake wakati wa kuagana. Nilimwangalia machoni na sikutafsiri.

Ijumaa, 17 Aprili

Mvua. Wadudu wa ziwa wamerudi. Nimewasha taa zote, hakuna cha kuharibika.

Jumatano, 22 Aprili

Ujumbe kwenye simu, umetoka kwenye kompyuta yake: "nimefika naona migomba". Wanasema jirani alimbeba mpaka nje.

Jumapili, 26 Aprili

"kula", ameandika. Hilo tu. Nimekula.

Alhamisi, 30 Aprili

Hakuna ujumbe. Mvua. Nimeshona sketi ya Mama Suzana, nikaifumua, nikaishona.

Jumamosi, 2 Mei

Prudencia amepiga mchana.

"Wifi, kibodi imekufa."

"Imefanyaje?"

"Haiandiki. Tangu juzi. Nakalisha mkono wake kama ulivyonionyesha, nangoja, haiandiki. Sijaimwagia kitu, nakuapia, hata mafuta sijayasogeza karibu."

"Umeme upo?"

"Upo."

"Chomoa waya. Geuza kibodi, ipige mgongoni kidogo. Chomeka tena. Sasa bonyeza wewe, mstari wa juu, cha kwanza."

Nikasikia kwenye simu kile kimlio chake.

"Kinaandika?"

"Kinaandika."

"Kinachofuata."

"Kinaandika."

Tulikwenda hivyo, kitufe kwa kitufe. Mimi nilijua tangu cha kwanza. Nadhani naye alijua, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha, kwa hiyo tulimaliza mstari wa juu, tukaingia wa kati, tukashuka wa chini, mpaka kile kirefu cha nafasi.

"Vyote vinaandika, wifi," akasema.

"Basi kibodi ni nzima."

Nilisikia kuku wa huko na mvua ya huko.

"Hakuna swichi nyingine? Laini zaidi?"

"Hakuna. Wenye kiwanda waliishia hapo."

"Sasa tutajuaje anachotaka?"

"Mwangalie macho."

"Mimi namwangalia," akasema. "Yananitazama, na sioni kitu. Mimi macho yake siyajui, Rebeka. Wewe ndiye unayeyajua."

Nimeifunika cherehani. Sketi ya Mama Suzana itangoja, na kiuno chake pia. Nimefunga kanga mbili, brashi na spiriti, maana vumbi halijui kama mtu anaandika au haandiki. Basi la Bukoba linaondoka kesho asubuhi.

Najua alisema nibaki. Alisema mbele ya ukoo, kwa nukta zote, na mimi mwenyewe nikasoma kwa sauti. Akitaka kunikataza mara ya pili, na anikataze. Nitakaa mbele yake nimtazame. Kwa bahati, macho yake hukubaliana na mimi karibu kila jambo.